Hodi ya Tatu: jina la barua ya mwisho kwa mteja aliyenyamaza

Katika ofisi za mawakala wa forodha za Moi Avenue na Nkrumah Road, kisiwani Mombasa, kuna kimya ambacho kila karani anakijua. Mfanyabiashara wa Eastleigh, Nairobi, ameandika Jumatatu asubuhi akiwa na haraka kweli kweli. Ana kontena mbili za vigae zitakazopakiwa China mwezi ujao, na anataka bei ya kuzitoa Kilindini na kuzifikisha Embakasi kwa reli. Bei anaitaka kabla ya saa sita mchana. Karani anaacha kazi nyingine zote, anapiga hesabu, anatuma kotesheni saa tano na nusu. Jibu halirudi. Wiki ya pili mteja anakumbushwa, kimya. Anapigiwa simu, inaita mpaka inakatika yenyewe. Mwishowe karani anaandika barua pepe moja zaidi, ya kusema kwamba hatamsumbua tena.

Barua hiyo ndiyo inayotafutiwa jina hapa. Wauzaji wa Marekani wanalo jina lake, nalo wamelitoa kwenye mambo ya mapenzi: wanaiita barua ya kuachana, kama ile anayoandika mpenzi aliyechoka kungoja. Kwetu haina jina, na sababu si ngumu kuiona. Barua za ofisi Mombasa huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili huja kwenye simu, kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp na kaunta ya forodha. Kinachofanywa kwa Kiingereza pekee hukaa bila jina la Kiswahili hata kama kinafanywa na Waswahili kutwa nzima.

Tueleze kwanza kitu chenyewe. Huyu anayeandikiwa si mteja bado. Ni mteja mtarajiwa: ameuliza bei au ameonyesha nia, lakini hajalipa wala hajatia saini. Barua ya mwisho humwendea baada ya ukumbusho kushindwa. Huwa fupi, haina bei mpya wala kubembeleza. Husema mambo matatu au manne: tumeona hujajibu, tunadhani mpango umebadilika, hatutaandika tena, ukituhitaji tupo. Ajabu yake ni kwamba mara nyingi ndiyo inayojibiwa, wakati zile za upole zilizotangulia zililala tu.

Wauzaji hupenda kuieleza ajabu hiyo kwa kazi ya Daniel Kahneman na Amos Tversky, walioonyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumwa na kupoteza kuliko anavyofurahia kupata kiasi kile kile. Maadamu kotesheni iko kwenye simu yake, mtu haoni haraka, lakini akiambiwa inaondolewa hushtuka. Sikatai. Ila kwa watu wa pwani naona kuna sababu iliyo karibu zaidi, nayo ni haya. Kumwambia mtu "hapana" usoni ni kazi nzito hapa. Tuna "inshaallah", tuna "nitakurudia", tuna "acha nizungumze na mwenzangu", na zote zikiisha tuna kimya. Mtu aliyenyamaza wiki tatu anaona aibu hata kufungua barua nyingine. Anapoambiwa kwamba hadaiwi jibu tena, mzigo unamtoka, na hapo ndipo anapopata ulimi wa kusema: bwana, nisamehe, nilisafiri, ile bei bado ipo?

Sasa jina. Ofisini nimesikia watu wakiiita "talaka" kwa mzaha. Mzaha ni mzuri lakini istilahi ni mbovu, maana talaka hutanguliwa na ndoa na hapa hata mahari haijatajwa. "Kuvunja uchumba" nako ni mbali, kwa kuwa mchumba ni yule aliyekubali. Huyu wa Eastleigh hakukubali kitu, aliuliza bei tu. Isitoshe, majina yote mawili yana lawama ndani yake, kana kwamba kuna aliyekosa, na barua inayobeba lawama haijibiwi.

"Barua ya kuaga" inapendeza sikioni mpaka uitumie. Katika ofisi za Kenya, barua ya kuaga ni ile anayowatumia wenzake mfanyakazi anayeacha kazi siku ya Ijumaa ya mwisho. Mteja akiona "kuaga" kwenye kichwa cha barua atadhani karani wake anahama kampuni. Wengine watadhani mtu ameaga dunia, nao wataanza kwa innalillahi.

"Barua ya kufunga faili" ina uzito zaidi, na kama ni kamusi ya biashara ningeikubali bila ubishi. Ni maneno ambayo makarani wanayo tayari. Tatizo ni kwamba inataja kinachotokea kwenye kabati la mwandishi, haimtaji anayeandikiwa. Na kwa mtu aliyewahi kuzunguka kortini au ofisi ya ardhi, kuambiwa faili lake limefungwa ni habari ya kumtoa jasho.

Mimi napendekeza "barua ya hodi ya tatu", au kwa kifupi "hodi ya tatu".

Mji wa Kale watu bado wanaishi kwa kanuni hii. Ukipita vichochoro vya Kibokoni au ukishuka Ndia Kuu kuelekea Bandari ya Kale, utamwona mgeni amesimama kando ya mlango, si mbele yake, ili asichungulie ndani. Anapiga hodi, anangoja. Anapiga ya pili, anangoja tena, huenda akakaa kidogo barazani. Anapiga ya tatu. Asipojibiwa anakwenda zake, na hana kinyongo, kwa kuwa huenda mwenye nyumba anaoga, anaswali, amelala, au hataki mgeni leo. Hodi ya nne ni ufidhuli.

Adabu hiyo ina asili inayojulikana na kila mtoto aliyepita chuoni. Abu Musa al-Ash'ari alikwenda kwa Khalifa Umar bin al-Khattab, akaomba ruhusa ya kuingia mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Umar alikuwa na shughuli. Alipoimaliza aliuliza: si sauti ya Abu Musa niliyoisikia? Mruhusuni. Akaambiwa ameshakwenda. Akatuma aitwe, na alipofika akamuuliza kwa nini aliondoka. Abu Musa akajibu kwamba ndivyo walivyofunzwa na Mtume: ukibisha mara tatu usipewe ruhusa, rudi. Umar hakutosheka mpaka apate shahidi, na Abu Said al-Khudri ndiye aliyemshuhudilia.

Tazama mpangilio wa kisa hicho kwa jicho la muuzaji. Aliyekuwa ndani alisikia tangu mwanzo. Hakukataa, alikuwa na kazi. Na kilichomfanya atume mtu ni habari kwamba mgeni ameondoka kweli, hakuwa kajificha pembeni akingoja mlango ufunguliwe.

Hapo ndipo istilahi hii inapofanya kazi ambayo lile jina la Kimarekani haliwezi, maana inambana mwandishi. Siku hizi programu za mauzo hupanga barua saba au nane zijitume zenyewe, na ile inayoitwa ya mwisho hufuatwa na nyingine baada ya mwezi, "kukujulia hali tu". Huo ni ulaghai mdogo, na wateja wameujua. Anayeandika hodi ya tatu kisha akarudi na ya nne amejitoa kwenye adabu kwa jina alilolichagua mwenyewe. Vilevile sipendi ile mbinu ya Chris Voss, aliyekuwa mpatanishi wa FBI, ambaye katika kitabu chake cha 2016 anashauri kutuma sentensi moja tu ya kumuuliza mtu kama ameshauacha mradi wake. Huenda inafaa Washington. Kijana wa miaka ishirini na sita akimwandikia hivyo mzee mwenye maduka matatu Biashara Street, ajiandae kupigiwa simu na babake.

Pia hodi ya tatu haihitaji kutishia kwa tarehe ya uongo. Wakati wa majahazi, nahodha aliyekuja na kaskazi kutoka Ghuba akiwa na tende, chumvi na mazulia hakuhitaji kubuni siku ya mwisho ya kuuza. Kusi ikianza kuvuma, alipakia boriti akarudi, na mnunuzi aliyekuwa akivuta muda alijua hivyo bila kuambiwa. Wakala wa leo naye ana kusi yake, nayo ni bajeti. Sheria ya Fedha ya 2023 ilishusha ada ya IDF, yaani ya tamko la kuagiza bidhaa, kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, na tozo ya reli kutoka asilimia 2 hadi 1.5, na kotesheni zilizopigwa kwa viwango vya zamani zikawa za kutupwa. Ukiwa na sababu ya kweli kama hiyo, iseme. Kama huna, usiseme.

Na iandikwe hivi:

"Bwana Mkurugenzi, salamu. Tulikutumia bei ya kontena mbili za vigae tarehe 4 Mei, tukakumbusha tarehe 12. Tunaelewa kwamba huenda mpango umeahirishwa au umeshapata wakala mwingine. Bei ile imepigwa kwa viwango vya kabla ya bajeti, hivyo itakoma tarehe 30 Juni. Hatutakuandikia tena kuhusu mzigo huu. Ukituhitaji, namba yetu ni ile ile."

Hakuna "kwa mara ya mwisho" hapo, na ni kwa makusudi: hayo ni maneno ya ilani ya mwenye nyumba anayedai kodi. Wakati wa kuituma nao una adabu yake. Kimya cha kumi la mwisho la Ramadhani si kimya, mtu yuko msikitini. Ngoja Idi ipite, kisha wiki moja juu yake.

Barua ikishatumwa, jina la mteja litolewe kwenye orodha ya kutumiwa matangazo. Hili ni suala la sheria pia. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinakataza kutumia taarifa za mtu kibiashara bila idhini yake au ruhusa ya sheria, na kanuni za 2021 zinataka apewe njia rahisi ya kujitoa. Faini ya Kamishna wa Ulinzi wa Data inaweza kufika shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo.

Katika matumizi, neno hili linakaa kwenye sentensi bila taabu. Karani atasema, "Yule wa vigae nimeshampigia hodi ya tatu," na mkuu wake atajua kwamba simu haitapigwa tena, jina limetolewa, na hesabu za mwezi zifanywe bila zile kontena mbili. Mteja akijibu, basi amefungua mlango mwenyewe, na karani ataanza na bei mpya.