Kupunguza uzito wa gari (Masasi na Newala)

Kupunguza uzito wa gari ni kung'oa, kukata au kubadilisha vifaa vyake ili liwe jepesi kuliko lilivyotoka kiwandani. Kwingineko duniani kazi hii ilipata jina kwenye mashindano. Mwaka 1957 Colin Chapman wa Uingereza, mwanzilishi wa Lotus, alitoa gari la Seven lenye kilo 500 hivi, likauzwa pia likiwa vipande ili mnunuzi ajiungie mwenyewe nyumbani. Katika wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, kazi hiyohiyo hufanyika chini ya mwembe au mkorosho, kwa spana, nyundo na grenda, na mwenye gari hafukuzii kasi. Anatafuta nafasi ya mzigo. Kilo iliyotoka kama kiti hurudi kama korosho, maji au abiria, na mara nyingi hurudi na wenzake, ndiyo maana gari "lililopunguzwa" huweza kuwa ndilo zito kuliko yote barabarani.

Mahali

Newala imekaa kwenye ukingo wa magharibi wa Uwanda wa juu wa Makonde, ambako nchi huinuka kuelekea mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kutoka mjini mtu hutazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Masasi iko chini ya uwanda, kati ya vilima vya mawe kama Mtandi na Mkomaindo. Anayetoka mji mmoja kwenda mwingine hukutana na mambo mawili: mpando na mchanga. Udongo wa juu ya uwanda hunywa mvua yote bila kuacha mto, na hata baada ya Mradi wa Maji wa Makonde kuanza miaka ya 1950, maji ya madumu yaliendelea kuwa mzigo wa kawaida wa kiangazi. Reli ya Kusini, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea, ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tangu hapo gunia la korosho huondoka kwa tairi.

Historia

Kabla ya gereji za leo, jirani na Masasi kulikuwa na mpango uliohusishwa na upunguzaji mkubwa wa aina yake. Mpango wa karanga wa Waingereza ulianza 1947 na kufa 1951, ukiwa na vituo vya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Trekta zilipoadimika, kampuni ya Vickers ilichukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikavivua mnara wa mzinga na deraya, ikavigeuza kuwa trekta zilizoitwa Shervick. Karanga hazikuokolewa na kifaru kilichovuliwa nguo.

Gari lililowafundisha mafundi wengi wa kusini kufungua na kufunga ni Land Rover. Lilipotoka mwaka 1948 chuma cha Uingereza kilikuwa cha mgao, hivyo bodi yake ikatengenezwa kwa aloi ya alumini na kufungwa juu ya chesisi ya chuma kwa bolti. Milango, paa na kioo cha mbele hutoka bila kuudhuru mfupa wa gari. Kabla ya lami, Land Rover ndizo zilizobeba abiria kati ya Masasi na Tunduru, zikiwa zimejazwa kila mahali penye pa kushika.

Jeshi la Uingereza nalo lilijaribu. Kuanzia 1968 lilitumia Land Rover iliyopewa jina la Lightweight, yaani jepesi, iliyotakiwa kuninginizwa chini ya helikopta ya Wessex. Ikishavuliwa milango, turubai na kioo ilishuka hadi kilo 1,200 hivi. Kabla ya kuvuliwa, "jepesi" hilo lilikuwa zito kuliko Land Rover ya kawaida ya kiraia.

Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilikwenda njia nyingine kabisa. Timu za viwanda zilizozoea kupunguza kila gramu Ulaya zilipofika huku ziliongeza chuma chini ya injini, ngao mbele na tairi za akiba, kwa kuwa gari jepesi lililovunjika halimalizi mashindano. Dereva wa Newala hahitaji kuelezwa hilo mara mbili.

Kinachong'olewa

Kazi huanzia kwenye kiti cha nyuma. Kwenye Probox au Noah, viti hushikwa na bolti ambazo spana namba 14 huzitoa kwa dakika chache, isipokuwa pale vumbi na kutu vimeungana. Hapo hudondoshewa dizeli na fundi akaenda kunywa chai. Kiti cha nyuma cha gari dogo kina kilo 20 hivi, sawa na dumu moja la maji. Toyota yenyewe ilishaipiga hesabu hii: Probox ya mizigo imeruhusiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Gunia la korosho ghafi lina kilo 80 au karibu na hapo, kwa hiyo kwa kauli ya kiwanda mwisho ni magunia matano. Dereva wa msimu huiona kauli hiyo kama maoni ya mtu wa Japani.

Baada ya kiti hufuata spea tairi na jeki, kilo 15 hadi 20 kwa pamoja. Huu ni upunguzaji mbaya kuliko wote. Tairi ikipasuka katikati ya mchanga usiku, hakuna kilo 20 zilizowahi kutamaniwa zaidi ya hizo.

Kiyoyozi kinastahili kueleweka vizuri. Kompresa, rejeta yake ndogo na mabomba vyaweza kufika kilo 20, na kwa magari mengi ya vumbini kimeshakufa zamani, gari linabeba chuma kisichofanya kazi. Tatizo ni mkanda. Pale mkanda mmoja unapozungusha altaneta, pampu ya maji na kompresa, ukiitoa kompresa mkanda wa zamani unabaki mrefu, na lazima utafutwe mfupi unaolingana. Fundi asiye na mkanda huo huiacha kompresa mahali pake, akatoa rejeta na mabomba tu. Ni uamuzi wa busara. Zulia na bitana za milango huleta faida ndogo ya ziada, hasa kwa sababu zulia la gari la Newala limeshonana na mchanga kiasi kwamba kulikung'uta tu ni kupunguza uzito. Kukata silensa huondoa kilo chache na kuongeza kelele nyingi.

Kilichong'olewa hakitupwi. Kiti cha Noah huwa sofa ya kijiweni, kikiegemezwa ukutani kikiwa na mkanda wake wa usalama. Alumini chakavu huyeyushwa ikawa sufuria, na tairi iliyokwisha ikawa katambuga.

Kisha kuna vilivyoongezwa, ambavyo fundi huulizwa mara chache sana avitoe: ngao ya mabomba mbele, keria ya chuma juu, spika kubwa nyuma, majani ya ziada ya springi. Mtu hung'oa kiti cha kilo 20 huku juu ya paa amebeba keria tupu ya kilo 30 inayokata upepo mwaka mzima. Wa kushushwa kwanza alikuwa huyo wa paani.

Hesabu ya mpando na mchanga

Wengi huamini kuwa faida ya gari jepesi iko mlimani. Tuchukue gari lenye jumla ya kilo 1,500 linalopanda mpando wa mita 300. Kazi ya kuliinua ni megajuli 4.4. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, na injini hugeuza kama robo tu kuwa nguvu ya magurudumu, kwa hiyo mpando wote hula nusu lita na kidogo. Ukipunguza kilo 50, unaokoa mililita 18: kijiko kimoja cha chakula na tone.

Mchangani hesabu hugeuka. Kwenye lami, tairi hupingwa na nguvu ndogo, kama sehemu moja na nusu katika mia ya uzito wa gari. Kwenye mchanga mlegevu tairi huzama na kulazimika kupanda ukingo wake yenyewe muda wote, na upinzani huweza kufika sehemu 20 katika mia. Kilo 50 zilezile, zikitolewa kwa kilomita 10 za mchanga wa namna hiyo, huokoa mililita 120, karibu nusu kikombe cha chai. Kwenye lami kilomita hizo huokoa mililita 9. Kilichomlipa fundi wa Newala siku zote kilikuwa mchanga kuliko mlima. Hata hivyo, kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia mchangani husaidia kuliko kung'oa kiti, na ni bure, mradi pawe na pampu ya kuujaza tena upande wa pili.

Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye kilomita 210, imekuwa ikihama kutoka kwenye hesabu ya mchanga kwenda ya lami. Kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata zilitangulia kuwekewa lami. Kazi ya kilomita 160 kutoka Mnivata kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi ilipata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia za kwenda mashambani zimebaki na mchanga wake.

Kinachokatwa, na breki

Kufungua bolti na kukata kwa grenda ni kazi mbili tofauti, ingawa hulipiwa gereji moja. Land Rover ina chesisi. Probox na Noah hazina, bodi yenyewe ndiyo mfupa. Ukikata upau ulio nyuma ya kiti ili magunia yalale vizuri, au ukapunguza nguzo ya mlango, sakafu huanza kupinda kidogokidogo. Dalili ya kwanza haionekani chini ya gari: ni mlango wa nyuma uliokuwa ukifungwa kwa kidole sasa unataka kubamizwa. Hapo kuchomelea bati juu ya ufa hurudisha uzito bila kurudisha nguvu.

Breki ndizo zinazosahauliwa. Gari likiwa jepesi mno nyuma, magurudumu ya nyuma hujifunga mapema breki inapokanyagwa, na mkia ukatafuta kwenda mbele. Hilux nyingi zina vali iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma ili ipime mzigo kwa kimo cha gari. Fundi springi akiongeza majani, gari huinuka. Vali huona kimo, ikaamini gari ni tupu, ikazinyima nguvu breki za nyuma wakati zimebeba tani. Na kila kilichopandishwa lazima kishuke. Gari la kilo 1,500 likiteremka mita 300 linapaswa kuondoa joto la kutosha kuchemsha lita 14 za maji ya baridi. Anayeteremka kwa gia kubwa huziachia breki joto hilo lote. Kwa gia ndogo injini hubeba sehemu yake.

Sheria na mizani

Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 hutaka gari liwe salama barabarani. Kadi ya gari inaonyesha uzito wa gari tupu, uzito wa juu unaoruhusiwa na idadi ya viti, kwa hiyo viti vikitoka au bodi ikibadilika, karatasi na gari huanza kusema mambo tofauti, na mwenye bima huweza kuligundua hilo siku ya ajali. Kwa malori mambo ni makali zaidi. Sheria ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya 2016, iliyoanza kutumika nchini 2019, huyahusu magari kuanzia kilo 3,500, na kikomo cha gari zima lenye mzigo ni tani 56. Huku ndiko upunguzaji halali unakolipa: bodi ya tela ikipungua tani moja kwa kutengenezwa upya kwa alumini, mwenye lori hupata magunia 12 ya korosho kila safari bila faini.

Anayenunua gari dogo lililotumika kusini ainue zulia mahali kilipokuwa kiti cha nyuma. Akikuta matundu ya bolti yana nyuzi zake, kiti kitarudi. Akikuta yamezibwa kwa kuchomelewa, ashushe bei au aondoke.