Alama za Msumeno: Upasuaji wa Mihimili ya Veranda katika Historia ya Mji Mkongwe wa Zanzibar

Historia ya majengo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar imeandikwa zaidi kupitia majina ya waliogharamia ujenzi. Jengo la zahanati ya kale lililopo Mizingani, kwa mfano, huhusishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara aliyeanzisha ujenzi wake mwaka 1887. Kazi ilikamilika mwaka 1894, miaka 3 baada ya kifo chake. Roshani zake za mbao husifiwa sana, lakini waliopasua mbao hizo hawamo katika simulizi hiyo. Insha hii inajenga hoja kwamba mihimili yenyewe ni nyaraka ya kazi yao, na kwamba nyaraka hiyo imo hatarini.

Kabla ya veranda kuenea katika karne ya 19, sakafu na dari za nyumba za mawe za mwambao zilibebwa na boriti za mikoko. Wakataji walizipanga nguzo za mikoko kwa unene: fito, pau, mazio, boriti na nguzo. Boriti haikuhitaji kupasuliwa; ilitumika ikiwa mviringo au ilichongwa kidogo kwa tezo, na urefu wake ukaweka mpaka wa upana wa chumba, takriban mita 3. Ncha zake zote 2 zilikaa ndani ya ukuta.

Veranda ilileta mahitaji tofauti. Upande wake mmoja uko wazi, hivyo mhimili hukalia nguzo na kupigwa na mvua na jua. Ilihitajika miti migumu isiyoliwa kwa urahisi na mchwa, kama vile msaji ulioletwa kutoka Asia au mvule wa Afrika Mashariki, nayo ipasuliwe kwa kingo za mraba ili viungo vishikamane.

Katika upasuaji wa mkono, gogo lililazwa juu ya shimo au jukwaa, likapigwa mstari kwa uzi uliopakwa rangi. Mpasuaji wa juu aliongoza msumeno kwenye mstari. Wa chini aliuvuta, huku unga wa mbao ukimwangukia. Mvule uliongeza ugumu, kwa kuwa ndani yake huweza kuwamo vijiwe vya chokaa vinavyobutua meno ya msumeno. Unene nao ulidai uamuzi. Mhimili ukiongezwa kina mara 2 bila kubadili upana, uwezo wake wa kubeba huongezeka takriban mara 4. Kwa hiyo mbao ilisimamishwa kwa ubavu wake mwembamba. Aidha, mbao nene hukauka polepole, na iliyobaki na moyo wa gogo hupasuka kwa urahisi zaidi. Maamuzi hayo yalikuwa maarifa, si nguvu za mwili pekee.

Maarifa hayo huacha ushahidi. Tezo huacha vibonde vifupi. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana nafasi. Msumeno wa duara wa mashine huacha mistari ya upinde. Hata hivyo, alama hizo pekee hazitoshi kutaja tarehe, kwa sababu upasuaji wa mkono uliendelea hadi karne ya 20. Ni lazima zisomwe pamoja na viungo, misumari na aina ya mti.

Hapa ndipo ukarabati unapokuwa suala la kihistoria. Mhimili uliooza ukiondolewa bila kupimwa, au uliosalimika ukipigwa randa ili ung'ae, ushahidi hutoweka ingawa jengo limesimama. Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 kulionesha jinsi muda wa kurekodi unavyoweza kwisha ghafla. Hivyo basi, kuchora na kupiga picha nyuso za mbao kabla ya matengenezo kunapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya utafiti wa historia. Jina la mwenye nyumba limehifadhiwa katika maandishi. Kazi ya mpasuaji imehifadhiwa katika mti tu.