Somo la Afya: Tezi ya Shingo

Sikilizeni kwanza, kisha mtasoma wenyewe haya haya katika karatasi zenu.

Gusa koo lako. Chini ya kongomeo pana tezi ndogo, umbo lake kama kipepeo. Tezi hii hutia katika damu kitu kiitwacho homoni, kinachoongoza kasi ya mwili. Homoni ikizidi, mwili huenda mbio. Ikipungua, mwili hulegea. Wanawake hupatwa na maradhi haya kuliko wanaume.

Maradhi haya yalijulikanaje? Mwaka 1835 daktari Robert Graves, wa mji wa Dublin, aliandika habari za wanawake watatu. Mioyo yao ilipiga mbio, na tezi za shingo zao zilikuwa zimevimba. Mwaka 1873 daktari William Gull, wa London, alieleza habari za wanawake watu wazima ambao nyuso zao zilijaa na akili na mwendo wao vikawa vya polepole. Wakati ule hakujua bado kuwa chanzo ni tezi.

Mwaka 1891, huko Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke wa miaka 46 mwenye ugonjwa huo. Alimdunga sindano ya maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mama yule alipata nguvu tena, akaendelea na dawa, akaishi mpaka mwaka 1919. Basi, ulegevu wake haukuwa uvivu. Ulikuwa ugonjwa, na ugonjwa ule ulikuwa na dawa.

Tezi haifanyi kazi bila madini joto. Yakikosekana, huvimba, na uvimbe huo ndio rovu. Muhogo mchungu usiotayarishwa vema nao huizuia tezi kupata madini hayo. Kwa hiyo, ninyi mnaokula ugali wa muhogo, uloweke na kuukausha vizuri. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Tanzania iliweka sheria ya kutia madini joto katika chumvi. Katika wilaya zilizopimwa, watoto wa shule wenye rovu walikuwa 61 katika kila 100 miaka ya 1980. Mwaka 1999 walikuwa kama 12 tu. Lakini chumvi nyingine ya pwani huuzwa bila madini hayo. Wewe sasa unajua kusoma: soma maneno ya pakiti kabla ya kununua.

Mama, simama mbele ya kioo, umeze funda la maji. Ukiona uvimbe unapanda na kushuka, nenda hospitali. Nenda pia ukiona baridi wakati wenzako wanaona joto, ukinenepa bila sababu, ukichoka daima, au nywele zikikatika. Nenda vilevile ukikonda ingawa unakula, mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio. Dalili hizi zaweza kuwa za maradhi mengine. Kipimo cha damu ndicho kitakachoonyesha ukweli.

Nawe baba, kabla ya kumwita mkeo mvivu, au kusema amerogwa, mpeleke akapimwe.

Maswali ya kuzungumza:
1. Tezi ya shingo ina kazi gani?
2. Yule mama wa mwaka 1891 aliponaje?
3. Chumvi ya nyumbani kwako ina madini joto? Leteni pakiti darasani, tuzisome pamoja.

Kwaherini.