Mfinyanzi naye ni mwalimu

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Anawafinyangia wenzake vyungu vizuri, mwenyewe anakula kwenye kigae. Kwangu mimi methali hii ina upande mwingine tusiousema: mfinyanzi hufundisha maisha yake yote, lakini kwenye orodha ya walimu hayumo.

Tuanzie mbali kidogo. Miaka ya 1960 mwanaakiolojia Robert Soper alichimba huko Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, akakuta vyungu vya karne za mwanzo baada ya Kristo. Vya aina hiyo vimepatikana pia pwani yetu, na Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mmoja wa waliovitafiti kwa miaka mingi. Vilifinyangwa kwa mkono, bila gurudumu, na midomo na mapambo yake hufanana toka eneo moja hadi jingine. Hivi mtindo ulisafirije bila kitabu? Mtu alikaa pembeni ya anayefinyanga, akatazama, akajaribu, chungu kikapasuka, akaanza tena. Hiyo ndiyo shule. Akina mama wa Kikisi kule Ikombe, jirani na Matema, Ziwa Nyasa, wameiendeleza hadi zama zetu.

Sasa twende Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mwingereza Michael Cardew alianzisha kituo cha ufinyanzi Abuja, mji ambao sasa unaitwa Suleja. Mwaka 1954 akajiunga mwanamke wa kwanza, Ladi Kwali (msimchanganye na Kwale ya Kenya, majina tu yamekaribiana). Yeye alikwisha kufundishwa na shangazi yake kijijini. Alizunguka Uingereza na Marekani akiwaonyesha watu jinsi mtungi unavyopanda kwa mkono, udongo juu ya udongo. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari wa heshima, na baadaye picha yake ikawekwa kwenye noti ya naira 20.

Na hapa ndipo Afrika Mashariki inapoingia. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda Uingereza mwaka 1971 kusomea sanaa ya michoro. Huko akahamia kwenye udongo, na kwa ushauri wa Cardew akaenda Abuja katikati ya miaka ya 1970. Yaani binti wa Nairobi afike kwanza Ulaya ndipo aelekezwe kurudi Afrika, akajifunze kwa mama wa kijijini! Lakini alijifunza. Hufinyanga kwa mkono, husugua chungu mpaka kinateleza, kisha huchoma. Moto wenye hewa ya kutosha humpa rangi ya machungwa. Akirudia kuchoma kwa kubana hewa, chungu hutoka cheusi. Alifundisha Farnham huku akiendelea kufinyanga, akapewa uprofesa mwaka 2001, na mwaka 2018 akawa mkuu wa heshima wa chuo kikuu hicho hicho.

Haya, turudi nyumbani. Pale Tumbi, Kibaha, nchi za Nordic zilianzisha mradi mwaka 1963, wakaukabidhi kwa serikali yetu mwaka 1970. Ndio Shirika la Elimu Kibaha tunalolijua. Wengi wetu tunalikumbuka kwa sekondari yake na ufaulu, tunasahau kwamba tangu mwanzo mradi ule ulikuwa na kituo cha mafunzo ya wakulima: watu wazima kujifunza kazi kwa kuifanya. Mwaka 1975 nchi ikaanzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kuiga Sweden, navyo vilisimamia wazo hilo hilo.

Swali langu ni hili: kwa wazo kama hilo, kwa nini mama mfinyanzi asiwe mwalimu wa chuo, alipwe kama mwalimu? Mtaniambia hana cheti. Ladi Kwali alikuwa na cheti gani? Mtaniambia siku hizi watu wanapika kwenye sufuria na kuteka maji kwa ndoo za plastiki. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye hatari. Zamani soko lilimkalisha binti pembeni ya mama yake, kwa sababu chungu kilileta chumvi na nguo. Soko likipungua, binti anaondoka kutafuta maisha mjini, na mama anabaki na ujuzi usio na wa kumwachia. Pasipo soko, darasa ndilo lililobaki la kumkalisha mwanafunzi pale.

Simaanishi kila anayefinyanga atakuwa Odundo. Nasema tu kwamba ujuzi huu hauandikiki wote kitabuni. Udongo una unyevu kiasi gani, moto umetosha au bado, hayo yanajulikana na vidole na macho ya anayefanya kazi yenyewe. Akifa kabla hajafundisha, tutabaki na vigae vya kumpelekea mwanaakiolojia.

Udongo uwahi ungali maji. Ninyi mnasemaje?