Majina Yaliyovalishwa Kiingereza

Katika kumbukumbu za karne ya 19 za kusini-magharibi mwa Ireland, hasa Cork na Kerry, wamo wasichana wa Kikatoliki walioandikwa Abigail au Deborah. Mara nyingi nyuma ya majina hayo kulikuwa na jina moja la Kiairishi: Gobnait, linalotamkwa karibu na "Gobnet".

Gobnait ni mtakatifu mlinzi wa wafuga nyuki, na sikukuu yake ni tarehe 11 Februari. Simulizi yasema malaika alimwagiza atembee mpaka atakapowaona kulungu weupe tisa, ndipo aweke makao. Akawaona Ballyvourney, Cork. Wezi walipokuja kuswaga ng'ombe wa majirani, akawafungulia nyuki. Deborah kwa Kiebrania ni nyuki, kwa hiyo aliyelichagua jina hilo aliijua hadithi. Abigail haihusiani nayo hata kidogo.

Nayapenda majina haya kwa sababu yanaonyesha jinsi lugha inavyoondoka ndani ya nyumba. Sorcha maana yake ni mng'ao, na kinyume chake ni dorcha, giza, likaandikwa Sarah. Fionnghuala, "bega jeupe", ni binti wa ngano aliyegeuzwa bata maji pamoja na kaka zake kwa miaka 900, likageuzwa Penelope. Mór, "mkubwa", lilikuwa jina la kawaida kabisa mwishoni mwa Enzi za Kati. Likawa Martha au Agnes, na leo ni nadra kulisikia. Gráinne Ní Mháille, mwanamke wa pwani ya magharibi aliyeongoza meli zake mwenyewe na kukutana na Malkia Elizabeth I mwaka 1593, Waingereza wanamwita Grace. Hakuna tafsiri hapo. Ilitosha sauti kukaribiana, na pengine hata hiyo haikuhitajika.

Zamani mvuto ulikuwa wa upande mwingine. Sheria za Kilkenny za mwaka 1366 ziliwaamuru walowezi Waingereza wa Ireland watumie majina ya Kiingereza, maana walikuwa wameanza kuishi kama wenyeji. Baada ya ushindi wa Waingereza katika karne ya 17, ardhi na mahakama vikashikwa na Kiingereza. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zikafundisha kwa Kiingereza. Kisha ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852: watu wapatao milioni moja wakafa, wengine kama hao wakahama, na maeneo ya wasemaji wa Kiairishi yakaumia zaidi. Mzazi aliyejua kwamba huenda bintiye akapanda meli kwenda Marekani alikuwa na sababu ya kumpa jina ambalo karani yeyote angeweza kuliandika.

Mwaka 1893 kikaundwa Conradh na Gaeilge, chama cha kufufua lugha, na majina ya kale yakaanza kurudi. Yakazaliwa na mapya: Saoirse, "uhuru", ni jina la karne ya 20, la kizazi kilichopigania dola.

Lakini hayakurudi yote. Nionavyo mimi, sikio lililochuja bado ni la Kiingereza. Sorcha limepita. Gormlaith limebaki mlangoni, ingawa lilikuwa jina la malkia aliyeolewa na Brian Boru na kufariki mwaka 1030. Flaith ni utawala. Gorm hapo kale lilimaanisha pia tukufu, na leo ni rangi ya buluu. Msomaji wa kwetu akienda Dublin huenda akalisikia neno hilo likimhusu yeye: kwa Kiairishi mtu mweusi huitwa duine gorm, kwa kuwa "mtu wa rangi nyeusi" lilikuwa tayari jina la shetani.

Nadra kuliko yote niyapendayo ni Lasairfhíona, "mwali wa divai", linalotamkwa karibu na "Lasarina". Mzazi anayempa bintiye jina hilo leo anajua kwamba mtoto atalitaja herufi kwa herufi kila ofisi atakayoingia, maisha yake yote. Mzigo huo ndio wazazi wa karne ya 19 waliowatua binti zao, na leo wapo wanaouchukua tena kwa hiari.