Dawa Iliyokuwa Mwiko kwa Moyo Mchovu

Mkaaji wa mtaa wa Golf, Lubumbashi, anayetoka kwa daktari wa moyo na ordonansi ya bisoprololi ameandikiwa dawa ya jamii ya kuzuia beta, ambayo, katika miaka ya 1970, vitabu vya udaktari viliikataza kabisa kwa mgonjwa kama yeye, ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha.

Katazo hilo lilikuwa na mantiki. Moyo ukishindwa kusukuma damu ya kutosha, mwili humwaga adrenalini na noradrenalini. Hizi hunasa kwenye vipokezi vya beta, juu ya seli za misuli ya moyo. Ndani ya seli ishara hupokezanwa hadi kalsiamu inaongezeka, na misuli hujikaza kwa nguvu na kasi zaidi. Nani angethubutu kuvifunga vipokezi hivyo wakati moyo tayari umelegea?

Raymond Ahlquist, Mmarekani, ndiye aliyetenganisha vipokezi vya alfa na beta mwaka 1948. Wengi hawakumjali. Mskoti James Black alimjali, na katika miaka ya 1960 akatengeneza propranololi, iliyopunguza maumivu ya kifua na kumletea Tuzo ya Nobel mwaka 1988.

Waliovunja mwiko walikuwa madaktari wa Göteborg, Sweden. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake walichapisha habari za wagonjwa saba, saba tu, wenye misuli ya moyo iliyougua na mapigo ya mbio. Walipewa dawa za kuzuia beta, wakapata nafuu. Wenzao wengi waliguna.

Ushahidi ulitoka ndani ya mioyo yenyewe. Mwaka 1982, huko Marekani, Michael Bristow na wenzake walipima mioyo iliyotolewa kwa wagonjwa waliokuwa wakipandikizwa mingine: vipokezi vya beta vilikuwa vimepungua kwa karibu nusu. Miaka miwili baadaye Jay Cohn alionyesha kwamba wenye noradrenalini nyingi damuni ndio waliokufa mapema. Kumfokea msukuma baiskeli ya makaa aliyekwisha kuchoka hakumwongezei nguvu, humwangusha. Seli za moyo nazo zilikuwa zikifokewa na noradrenalini usiku na mchana.

Mabishano yaliisha mwaka 1999. Jaribio la CIBIS-II, lenye wagonjwa 2,647, lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu bisoprololi ilikuwa imeshusha vifo kutoka asilimia 17 hadi 12 hivi.

Afrika Mashariki wagonjwa wa moyo ulioshindwa si wazee sana. Utafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, wa mwaka 2012 hadi 2013, ulifuatilia watu 427: wastani wa umri ulikuwa miaka 55, na presha ndiyo iliyoongoza kwa kusababisha ugonjwa.

Bisoprololi huanzwa kwa miligramu 1.25, ikapandishwa taratibu, maana moyo uliozoea kusukumwa na adrenalini huweza kuzidiwa ukinyimwa ghafla. Kuiacha kwa mkupuo nako ni hatari: vipokezi hubaki wazi, na adrenalini huvivamia vyote. Kwa hiyo vidonge vikikaribia kwisha, mgonjwa arudi kwa daktari kabla ya kumeza cha mwisho.