Kanisa Kwenye Tisheti

Basi la Garissa kwenda Nairobi halijapata hata moto vizuri, linasimama. Ukishavuka daraja la Tana tu, upande wa Madogo, kuna kizuizi. Mnashuka wote, mnapanga foleni, kitambulisho mkononi. Hiyo kitu nimeizoea tangu nipate kipande, sioni tena kama ni jambo. Lakini asubuhi hiyo afisa alinikagua kuanzia chini: buti nyeusi, suruali nyeusi, fulana nyeusi, mkoba mweusi.

"Wewe, unaenda matanga?"

Nikamwambia naenda kuskiza muziki. Akacheka, akanirudishia kipande. Ilikuwa mara ya kwanza kupita pale nikiwa nachekwa, na niliona hiyo ni dalili nzuri.

Nilikuwa naenda siku nzima ya metali, kuanzia saa nane mchana mpaka usiku, kwenye ua wa baa moja ya mtaani Nairobi. Bendi sita. Mbili kati yao zilikuwa za lile tawi ninalolipenda mimi, metali nyeusi ya ukungu. Kama hujawahi kuiskia, nitajaribu. Gitaa linapigwa haraka sana, tena noti ileile, mpaka masikio yako yanaacha kuzihesabu na yanaskia kitu kimoja kirefu, kama mvua kwenye mabati. Nyuma yake dramu zinakimbia. Wimbo unaweza kwenda dakika kumi na mbili bila haraka ya kufika popote. Sauti ya mwimbaji haiimbi, inapiga unyende, na imefichwa ndani kabisa kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Wanorwei walioanzisha mambo haya miaka ya mwanzo ya tisini walikuwa wanatafuta msitu na theluji. Mimi theluji sijawahi kuiona. Nikiskiza naona jilaal, kile kiangazi chetu cha Disemba mpaka Machi, barabara ya kwenda Modogashe, upepo umeinua vumbi na hakuna kitu mbele isipokuwa ngamia wa mtu usiyemjua.

Nyumbani siiskizi kwa spika. Kwa wazee wengi wa kwetu muziki wowote ni mjadala, seuze huu. Naweka visikizi, naenda zangu.

Watu wakiniuliza kama kweli Kenya kuna metali, huwa nachoka kidogo. Nairobi ina bendi hizi tangu mimi niko shule ya msingi: Last Year's Tragedy, Seeds of Datura, Lust of a Dying Breed. Kutoka kwa hizo mbili za mwisho wakatoka vijana wawili wakaunda Duma, jina waliloeleza kuwa ni giza kwa Kikuyu, na albamu yao ya 2020 ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Si metali nyeusi hasa, ni kelele zaidi, mashine zaidi, lakini dunia nzima ya watu wa muziki mzito iligeuka ikatazama huku. Halafu mwimbaji wao, Lord Spikeheart, akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2024, *The Adept*, akaitunuku kwa mama mkuu wa ukoo wake, Muthoni wa Kirima, yule mpiganaji wa Mau Mau aliyefikia cheo cha fildi marshali na kuishi na rasta zake za msituni mpaka 2022. Mimi hapo ndipo nilipoelewa kitu. Unyende ule una wenyewe. Unaweza kuwa wa bibi yako.

Basi tulifika, jua kali, ua umejaa watu weusi-weusi kama kunguru. Wasee wakarimu sana, lazima niseme. Mtu ananiuliza umetoka wapi, nasema Garissa, anasema "Manze, kutoka Garissa yote kuja huku?" kama nimetoka mwezini. Bendi ya kwanza stima ilipotea katikati ya wimbo na mpiga dramu akaendelea peke yake gizani mwa mchana, tukampigia makofi kuliko walivyopigiwa wote siku hiyo. Ya pili siikumbuki. Wakati wa ya tatu ndipo nilipoona ile tisheti.

Jamaa mrefu, mpole, mwanafunzi wa uhandisi. Kifuani picha ya kijivu: mbao zilizoungua, paa hakuna, miti nyuma. Niliijua hapohapo. Ni jalada la *Aske*, rekodi ya Burzum ya 1993. Burzum ni bendi ya mtu mmoja, Varg Vikernes, na picha ni ya kanisa la mbao la Fantoft, karibu na Bergen, lililochomwa tarehe 6 Juni 1992. Lilikuwa kanisa la karne ya kumi na mbili. *Aske* maana yake ni majivu. Nakala za kwanza ziliuzwa pamoja na kiberiti cha gesi. Vikernes alikuja kuhukumiwa mwaka 1994 kwa kumuua mwanamuziki mwenzake na kwa kuchoma makanisa mengine, na mashabiki wa muziki huu tangu hapo wamekuwa wakisimulia habari hizo kama hekaya za mashujaa, na wengine kama aibu ya familia. Mimi nilikuwa katikati. Niliisoma stori ile nikiwa na miaka kumi na sita kama unavyosoma stori za maharamia.

Lakini kuiona imevaliwa, hatua mbili mbele yangu, imelowa jasho, ni kitu kingine.

Nilikuwa darasa la sita Jumapili ile ya tarehe 1 Julai 2012. Watu waliingia makanisa mawili Garissa wakati wa ibada, la AIC na la Katoliki, wakarusha guruneti, na pale AIC wakapiga risasi. Walikufa watu 17. Ninachokumbuka mimi ni mama akifunga mlango wa mabati na kuuegemea kwa mgongo, kama vile mgongo wake ungezuia kitu. Baadaye viongozi wa Kiislamu wakatangaza kwamba vijana wetu watalinda makanisa. Watu wa mbali walishangaa. Sisi hatukushangaa, maana waliokuwa wakienda makanisa yale walikuwa walimu wetu, manesi wetu, yule fundi wa redio.

Halafu chuo kikuu, Alhamisi tarehe 2 Aprili 2015, kuanzia alfajiri mpaka jioni, watu 148. Sitaandika zaidi ya hapo. Kila mtu wa Garissa ana saa zake za siku hiyo na zangu ninazo.

Bendi ilipomaliza nikamfuata jamaa. Sikwenda kugombana. Nilimwuliza tu kama anajua picha ile ni ya nini.

"Eeh, ni historia," akasema. "Fantoft. Ni art, bro."

Ni historia, kweli. Nilichotaka kumwambia ni kwamba moto una historia nyingi, na hii ya Bergen si ndefu kuliko zote. Kwetu kuna mwaka unaoitwa Gubai. Ni neno la Kisomali, la kuungua. Novemba 1980 maafisa wa serikali waliuawa mjini Garissa, na vyombo vya usalama vikalipiza kwa mji. Mtaa wa Bulla Kartasi ukachomwa moto. Wakazi wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi, wakawekwa pale siku kadhaa bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Ayeeyo, bibi yangu, hahesabu miaka kwa tarakimu; mtu amezaliwa kabla ya Gubai au baada yake, amekwisha. Miaka mitatu na kidogo baadaye, Februari 1984, ikaja Wagalla kule Wajir, wanaume wa Degodia juani kwenye uwanja wa ndege. Serikali ilikiri vifo 57. Manusura wanazungumza mamia, na wengine maelfu.

Na yote hayo yalifanyika ndani ya ukimya uliopangwa. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki mwezi wa Disemba 1963, nchi haijamaliza hata mwezi mmoja wa uhuru, ikaondolewa 1991. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya kule wakati wa vita vya shifta. Yaani hata kulia kulikuwa na sheria yake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofungua vikao vyake vya hadhara Aprili 2011, ilianzia Garissa, na ndipo watu wazima waliposikika wakisema kwa kipaza sauti mambo waliyokuwa wakiyasema chini ya mosquito net tu. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi Bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita, Wagalla ikiwemo. Ilikuwa Alhamisi. Alhamisi iliyofuata ndiyo ile ya chuo kikuu. Radhi yetu iliishi siku saba.

Sikumwambia yote haya, mambo ya ua wa baa hayaruhusu mihadhara. Nilimwambia Jumapili ya 2012, na Gubai kwa sentensi mbili. Alinyamaza. Akasema, "Sikujua. Mimi nilipenda gitaa tu." Nikamwamini, kwa sababu hata mimi nilianza kwa kupenda gitaa. Akaninunulia soda. Tisheti hakuivua, jioni ilikuwa inaingia na kulikuwa na baridi.

Sidhani kuivaa ni dhambi. Nadhani ni uvivu. Wale vijana wa Bergen walikuwa wanaishi katika mojawapo ya nchi tulivu na tajiri kuliko zote, wakaenda kuutafuta moto kwa kiberiti. Sisi moto ulitufuata mpaka kitandani. Fantoft limejengwa upya, limesimama, watalii wanapiga picha. Kama kijana wa Nairobi anataka giza, giza lipo hapahapa, lina tarehe na lina majina ya mitaa, na halijamaliza kuimbwa. Duma walilijua hilo kabla yangu.

Bendi ya mwisho ilipanda saa tatu usiku. Vijana wanne, taa moja ya buluu, hawakusema hata hamjambo. Gitaa likaanza ile mvua yake na kwa muda mrefu hakuna kilichobadilika. Nikafumba macho. Mwimbaji alipoanza unyende sikuskia maneno, sijui hata ilikuwa lugha gani. Niliskia upepo wa Modogashe, na ndani yake, mbali, watu wengi wameketi uwanjani. Nilikaa nao. Dakika kumi na kitu. Nilipofumbua macho nilikuta yule jamaa wa tisheti amesimama kando yangu, kichwa kimeinama, macho yamefumbwa pia.

Nililala Isli kwa binamu. Kabla sijalala ayeeyo akapiga simu, maana aliambiwa nimeenda Nairobi "kwa kazi ya muziki" na hilo halikumwingia.

"Huo muziki ukoje? Wanaimba?"

"Hapana, ayeeyo. Wanapiga kelele. Kama wanalia."

"Wanalia? Wamefiwa na nani?"

Nikamwambia sijui. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nimekula.